Tetea Anahara na Nyuma Pamechafuka: Namna ya Kumtibu Nyumbani

Kuku ana njia moja tu ya nyuma. Kinyesi, mkojo na yai vyote vinatokea tundu lilelile. Ndiyo maana ukiona manyoya ya mkiani yamelowa na kunata, huwezi kusema papo hapo kwamba ni tumbo. Huenda ni tumbo kweli. Huenda pia ni yai lililokwama, au chawa, au kidonda cha tundu lenyewe, au chakula kilichochacha shingoni siku mbili zilizopita.

Mimi nilijifunza kwa tetea wangu mmoja, kishingo, hapa Mikindani, Mtwara. Ilikuwa msimu wa mabibo, jirani anakamua uraka, makapi anayamwaga nyuma ya ua. Kuku wangu wakahamia huko. Baada ya siku mbili kishingo akawa anasimama pembeni, manyoya kayatimua, macho nusu, nyuma pamelowa. Shoga yangu akachungulia, akasema, "Mtie rangi mbili huyo, kesho unamkuta anakimbizana na jogoo." Nikafungua kidonge hicho cha kuua bakteria, nikampa siku tatu. Siku ya nne nilipomnyanyua nikakuta kinyesi kimekauka kama udongo wa kiambaza, kimeziba tundu lote, na pembeni yake funza wanatembea. Rangi mbili ilikuwa inahangaika na kitu ambacho hakikuwepo. Alipona, lakini kwa maji ya chumvi na mkasi.

Ninachoandika hapa ni utaratibu ninaoufuata tangu siku ile.

Kwanza hesabu wagonjwa

Akiumwa kuku mmoja, endelea kusoma. Wakiumwa watatu wanne ndani ya siku mbili tatu, wanahara kijani, wanakoroma, wengine shingo zinapinda au wanazunguka kama waliolewa, hiyo si kazi ya beseni la maji. Huo huenda ni mdondo, kideri kwa jina jingine, nao hauna dawa. Mpigie afisa mifugo wa kata. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, wana kituo Mtwara, kwa hiyo sisi wa huku hatuna haja ya kukisia: uliza namna ya kupeleka kuku aliyekufa muda si mrefu, kabla hajaoza, apasuliwe na kuangaliwa.

Na hapa nitasema kitu kitakachowaudhi baadhi yetu. Kuku wakianza kufa, tunawachinja haraka waliobaki na kugawia ndugu ili "wasipotee bure." Manyoya, utumbo na maji ya kunyonyolea ndivyo vinavyoubeba ugonjwa kutoka uani kwako hadi uani kwa mjomba. Waliokufa fukia kwenye shimo refu au choma. Waliobaki wazima usiwauze gulioni wiki hiyo.

Kinga ya mdondo ni chanjo. Ile ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, inatolewa tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Inapewa kuku mzima. Ukimpa aliyekwisha kuugua umechelewa.

Mtenge

Mgonjwa mtoe kwa wenzake saa hiyohiyo. Sababu si kuambukiza peke yake. Kuku wakiona chekundu nyuma ya mwenzao wanadonoa, na wakianza kudonoa hawaachi mpaka utumbo utoke. Boksi kubwa au tenga linatosha. Chini tandika kanga kuukuu au magazeti, si maranda, maana unataka kuona kinyesi chake vizuri. Weka mahali penye kivuli, pasipo upepo, pasipo kelele. Usiku wa baridi mfunike tenga kwa gunia, uache nafasi ya hewa.

Maji ni ya lazima kuliko chakula. Kuku anayehara anakauka haraka. Pakiti ya chumvichumvi, ORS ileile ya watoto, ichanganye kwenye lita 1 ya maji kama ilivyoandikwa, muwekee nusu siku, halafu mrudishie maji matupu. Huna pakiti, tumia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita 1. Pima kwa kijiko kilichosawazishwa, usimimine kwa mkono, kwani chumvi ikizidi inamuua kuku. Tena kwa sisi wa pwani niseme na hili: maji ya kuroweka ng'onda na mabaki ya samaki wa chumvi usiwamwagie kuku. Kuhara kwingine kunaanzia hapo, na vifo pia.

Kama hanywi mwenyewe, chukua bomba la sindano bila sindano, dondoshea matone ubavuni mwa mdomo, moja moja, usubiri ameze. Ukimimina katikati ya koo yanaingia kwenye njia ya hewa na umemuua mwenyewe.

Mpapase kutoka shingoni hadi mkiani

Fanya hivi asubuhi, kabla hajala. Mshike chini ya kwapa, mabawa yamebanwa, kichwa kielekee nyuma yako. Usimning'inize kwa miguu.

Anza na gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo upande wa kulia. Asubuhi kwa kuku mzima unakuwa mtupu, hata kuushika ni shida. Ukiukuta umejaa, tatizo limeanzia mbele, hata kama unachokiona wewe kiko nyuma. Shuka kwenye mfupa wa kidari: ukichongoka kama kisu, huyu anaumwa siku nyingi na ulikuwa hujui. Tumbo likiwa limejaa kama mfuko wa maji na kuku anatembea miguu imetanuka, mara nyingi huko ndani mayai yameharibika au ini limeharibika, na nyumbani hakuna tiba yake.

Kisha papasa chini ya tundu la haja, kati ya mifupa miwili iliyochongoka ya nyonga. Kwa tetea anayetaga vidole viwili au vitatu vinapita katikati. Kitu kigumu cha mviringo hapo ni yai. Tundu lenyewe kwa anayetaga ni pana, lina unyevu na limepauka, kwa asiyetaga ni dogo na kavu. Jekundu, lililovimba au lenye ute, hilo linaumwa.

Mwisho angalia kinyesi kwenye gazeti. Cha kawaida kina umbo, kahawia au kijivu, na juu kina kofia nyeupe. Cheupe hicho ndicho mkojo wake. Mara chache kwa siku atatoa kingine cha kahawia iliyokoza, kinanata na kunuka sana. Hicho hutoka kwenye vifuko viwili vya mwisho wa utumbo na si ugonjwa. Nimeona watu wakinunua dawa kwa sababu yake. Chenye damu kinakupeleka kwenye koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo. Cha kijani chembamba mara nyingi ni cha kuku asiyekula, tumbo tupu, lakini kumbuka mdondo. Cha njano kama salfa, pamoja na upanga wa kichwani uliopauka, kinaweza kuwa homa ya matumbo ya kuku, na hiyo ni ya mtaalamu. Vipande vyeupe kama punje za wali vinavyojongea ni tegu.

Muoshe

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo tunayoiruka.

Chemsha maji, yaache yapoe mpaka kiwiko kivumilie, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Mwili wa kuku una joto la karibu nyuzi 41, kwa hiyo maji ya bomba yaliyo baridi yanamshtua. Tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi kwa kila lita. Mkalishe kwenye beseni, maji yafike tumboni, mshike mabawa, ukae naye dakika 15. Wengi wakishapata joto wanatulia, wengine wanasinzia. Kishingo wangu alifumba macho kama bibi harusi kwenye singo.

Usibandue kilichokauka. Ngozi ya hapo ni laini, unaibandua pamoja na kinyesi. Acha kilainike, kisha kiondoe kidogo kidogo kwa vidole. Vaa glovu au mfuko wa plastiki. Kisichotoka, kata manyoya kwa mkasi, usiyang'oe. Kata pana, sentimita 3 kuzunguka tundu, ili pakauke na nzi wasirudi. Ukimaliza mkaushe kwa kitambaa mpaka ngozini. Kuku aliyelowa akiachwa kwenye upepo wa bahari jioni anaweza kufa kwa baridi, ukasingizia ugonjwa.

Sasa ndipo utaona.

Kama ngozi ni nzima na kinyesi kilikuwa kimeziba tu, umemaliza nusu ya kazi. Tafuta kwa nini kilikuwa laini, soma chini kuhusu gole na minyoo.

Kama kwenye mashina ya manyoya kuna vitu vyeupe vimekusanyika kama punje za sukari iliyoganda, ni mayai ya chawa. Kata manyoya hayo, yachome. Mpake unga wa kuua chawa na utitiri wa duka la mifugo, na urudie baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu dawa inaua waliohai na mayai yanabaki. Jivu kavu la kuni kwenye shimo la kuogea vumbi linasaidia kuzuia, lakini kwa kuku aliyejaa chawa halitoshi. Bandani chungulia usiku na tochi kwenye nyufa za miti: utitiri mwekundu hukaa huko mchana na kumpanda kuku usiku.

Kama unatoka ute mweupe au wa njano, mzito, wenye harufu ya kuoza, ngozi imekuwa nyekundu, hayo ni maambukizi ya tundu lenyewe, mara nyingi fangasi wamo. Hapa rangi mbili inaharibu zaidi. Dawa ya kuua bakteria inaua hata wale wazuri wa tumboni, na fangasi wanapata uwanja. Muoshe kila siku, mkaushe, mpake krimu ya clotrimazole, ile ya asilimia 1 ya fangasi wa ngozi, asubuhi na jioni kwa siku 7. Kijiko cha mtindi kwenye chakula chake kila siku si kibaya, ila kisizidi, maziwa mengi yanamharisha. Usipoona nafuu ndani ya wiki, mpeleke kwa mtaalamu.

Kama ni funza, usitapike, fanya kazi. Nzi hutaga kwenye kinyesi kibichi, na kwa joto letu mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja. Toa funza mmoja mmoja kwa kibanio, mwagia maji ya chumvi kwenye mashimo kwa bomba, rudia jioni na kesho yake, maana wadogo hujificha. Kuku huyo alale ndani ya chandarua mpaka kidonda kikauke. Funza wakishaingia ndani ya tundu na kupotelea humo, ni nadra apone.

Yai lililokwama utalijua kabla hata ya kumpapasa: anasimama wima, mkia unapanda na kushuka, anakamua na hakuna kinachotoka. Yai moja hutengenezwa kwa saa 24 hadi 26, hivyo akipitisha siku nzima hali hiyo, usilale. Beseni la maji ya vuguvugu, dakika 20 hadi 30. Kisha paka mafuta ya nazi kwenye tundu, ndani kidogo kwa ncha ya kidole, umrudishe kwenye tenga lenye giza na joto. Rudia baada ya saa chache. Usilikamue kwa nguvu, likipasukia ndani magamba yanamkata. Likishatoka, fikiria chokaa mwilini mwake. Sisi hatuna kisingizio: magamba ya kombe na chaza yamejaa ufukweni. Yaoshe chumvi yote, yakaushe, yatwange, yaweke kwenye chombo pembeni, atajichukulia. Hata maganda ya mayai yaliyokaushwa yanafaa.

La mwisho ni lile tunaloita kizazi kutoka: nyama nyekundu imechomoza nje baada ya kutaga. Osha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, pakaa asali au sukari iliyolowekwa kidogo, subiri dakika 10. Utamu huo unavuta maji na uvimbe unanywea. Kisha paka mafuta ya mgando, sukuma ndani taratibu kwa kidole kilichovikwa glovu, ushikilie dakika moja au mbili. Ikirudi tena nje, rudia. Muweke gizani, mwanga usizidi saa 8 kwa siku kwa wiki moja hivi, ili asitage. Nyama ikiwa nyeusi au imechanika, usimtese.

Gole lililojaa

Kuna aina mbili na tiba zake hazifanani. La kwanza ni gumu kama tonge la udongo: amekula majani marefu makavu, kamba za katani, au nyuzi za mifuko ya salfeti. Mnyime chakula saa 12 hadi 24, maji awe nayo. Mpe kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ufuta au nazi kwa matone, kisha likande kwa vidole dakika 5, mara 4 kwa siku. Lisipolainika baada ya siku mbili linahitaji kupasuliwa na mganga wa mifugo. Usijaribu kwa wembe.

La pili ni laini, linacheza kama puto lenye maji, na mdomo unanuka pombe. Hilo ndilo la makapi ya mabibo, wali uliochacha na pumba zilizolowa. Mnyime chakula saa 12, kisha mpe vichache vilaini, mara kwa mara, bila nafaka nzima. Watu humgeuza kichwa chini ili atapike. Nakataza. Yale maji yanaingia mapafuni.

Dawa, na zile zisizo dawa

Damu kwenye kinyesi, hasa kwa kuku wachanga na wakati wa masika bandani kukiwa kumelowa, inaelekea koksidia. Amprolium ndiyo dawa yake. Unga wa asilimia 20 ni gramu 1.2 kwa lita 1 ya maji, siku 5 hadi 7, na ndiyo maji pekee anayokunywa. Pakiti ikiwa na nguvu tofauti, fuata pakiti. Siku hizo usimchanganyie vitamini: amprolium inafanya kazi kwa kumnyima mdudu vitamini B1, ukiiongeza unamlisha adui.

Minyoo mpe dawa kila baada ya miezi 3. Piperazine inaondoa minyoo ya mviringo tu, si tegu, na wengi wanaoilalamikia ndipo wanapokosea. Kwa tegu uliza dukani dawa inayotaja tegu kwenye maandishi yake.

OTC, yaani oxytetracycline, na rangi mbili acha mpaka mtaalamu aseme ni bakteria gani. Na dawa yoyote unayompa, uliza siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama yake. Siku hizo mayai mwaga, hata kama ni mawili tu na bei ya mayai unaijua.

Mshubiri nao tunautia kwenye maji kwa kila ugonjwa. Ule utomvu wa njano unaharisha. Kumpa kuku anayehara ni kumpakia mzigo juu ya mzigo. Mwarobaini nautumia kuogeshea kwa ajili ya chawa, kwa kunywesha siutumii.

Chakula cha mgonjwa na kumrudisha

Kwa siku mbili tatu mpe wali uliolainika, uji mzito wa dona uliopoa, nusu yai la kuchemsha lililosagwa. Makopa na mahindi mazima yasubiri. Anayekula, hata kidogo, ana matumaini. Aliyekataa maji siku nzima, kichwa kinaning'inia, mfupa wa kidari umechongoka, mwite mtaalamu au mpumzishe, na nyama yake usiile.

Akipona, usimrudishe mchana. Wenzake wamekwisha kumsahau na watamdonoa kama mgeni. Subiri giza liingie, umpandishe taratibu kwenye fito katikati yao wakiwa wamelala, na alfajiri uwe umekwisha kutupa chakula sehemu mbili tofauti kabla ya kufungua mlango wa banda.